Sura ya Sita: Kasuku Asiyepunguzwa Mdomo

Siku Mzee Eliud Kashaija alipoondoka, kazi yake ya mwisho pale nyumbani ilikuwa kumpunguza kasuku mdomo. Kwa hilo watu wote waliohojiwa walikubaliana, hata wale waliobishana juu ya mengine yote. Ilikuwa Jumamosi, mwanzoni mwa masika. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika na migomba bado inadondosha maji. Mzee alitoa kiti barazani, akamviringisha kasuku kwenye taulo, akamlaza mapajani bila kumkandamiza kifua, akachukua tupa yake ndogo ya useremala na kuanza kuisugua ncha ya mdomo wa juu. Kwaru, kwaru, kwaru. Alipomaliza akapitisha msasa laini, akapuliza vumbi, akamwambia ndege, "Haya, Kapteni, sasa unaweza kwenda kanisani."

Kisha akaikunja tupa na msasa kwenye kitambaa, akakitundika msumarini, akavaa koti, akamwita kibarua wake ambebee mfuko mpaka barabarani kwenye bodaboda. Alisema anakwenda Kyerwa kupachika mlango wa mtu.

"Jioni nipo," alisema.

Jioni hakuwapo. Wala kesho yake kanisani, ambako kiti chake karibu na dirisha kilikaa wazi hadi mwisho wa ibada, maana hakuna aliyethubutu kukikalia.

Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Jovitus, mdogo wake Mzee, aliwaambia majirani kwamba kaka yake amevuka kwenda Uganda kuwasalimia ndugu wa upande wa mama, na kwamba huko aliko mtandao ni wa shida. Watu wa kijiji chao, Nyabiyonza, waliamini, kwa kuwa Mzee alikuwa mjane na fundi, na fundi mjane anaweza kulala popote penye kazi. Asiyeamini alikuwa binti yake, Jenifa, aliyeolewa Mwanza. Baba yake hakuwahi kuacha kumpigia simu Jumapili baada ya ibada. Jenifa alipiga simu polisi, akapiga tena, mwishowe akaja mwenyewe.

Ndipo likaonekana koti. Nsanzimana, yule kibarua aliyebeba mfuko, alikutwa amelivaa. Alipoulizwa akasema amelinunua mitumbani. Alipobanwa akasema Mzee alimpa siku ile ile pale barabarani, kwa kuwa jua lilikuwa limetoka na mtu wa bodaboda alikuwa na haraka. Uongo wa kwanza ukaufunika ukweli wa pili. Wazazi wake walitoka Burundi, hakuwa na kibanja wala ukoo wa kumsimamia, na watu waliokuwa wakimwita "ndugu yetu" wakati wa kuvuna kahawa sasa walimwita "yule Mrundi". Mkuu wa kituo alikwisha kuamua: Ijumaa Nsanzimana angepelekwa mahakamani kwa kosa la kumuua Mzee Kashaija.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Mkaguzi Msaidizi Adventina, mpelelezi wa kesi hiyo, alipofika kituoni alimkuta Uwizeye, mke wa Nsanzimana, amesimama langoni na bakuli lililofunikwa kwa jani la mgomba.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umempikia nini leo?"

"Viazi na maharage. Jana alibakiza. Mwambie akibakiza tena nitamletea mboga ya mama yake, ile isiyo na chumvi."

Adventina alicheka kidogo. Uwizeye hakucheka.

"Afande, ile Ijumaa ni kweli?"

"Ni kweli, kama sitapata kingine."

"Basi tafuta kingine, waitu, nakuomba. Mimi nitaendelea kupika." Alimkabidhi askari wa zamu bakuli, akageuka kuondoka, kisha akarudi. "Mmekwisha kumwona Kapteni?"

"Kapteni gani? Wa jeshi?"

"Kasuku wa Mzee. Yuko kwa Jovitus. Nyie mnauliza watu tu. Nendeni mkamwone na yeye, anaiga kila anachosikia."

Koplo Winston, kijana wa Dodoma aliyekuwa akiendesha gari la kituo, aliyasikia hayo na hakuweza kuyameza. Njia nzima alikuwa akiyarudia.

"Kwa hiyo leo tunakwenda kumhoji kasuku. Afande, na kama atataka wakili?"

"Endesha gari, Winston."

"Na kama ni Kapteni kweli, ananizidi cheo. Nipige saluti?"

"Piga. Labda yeye utamtii."

Nyumba ya Jovitus ilikuwa hatua chache kutoka kwa kaka yake. Vibanja vyao vya migomba vilipakana. Adventina aliwahi kufika hapo mara moja, wakati wa kuchukua maelezo, na siku hiyo alitazama zaidi nyumba ya Mzee. Leo alianza na kibanja cha Jovitus. Magugu yalikuwa yamefika magotini. Migomba ilikuwa imezungukwa na majani makavu ambayo hakuna aliyeyapunguza, na jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, likiwa na utando wa buibui kati ya mpini na ukuta.

Jovitus alitoka nje kuwapokea. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, sauti ya chini. Ndevu zake zilikuwa zimeota bila mpango na nywele zimejaa kichwani.

"Karibuni. Mtanisamehe, shamba limenishinda. Mgongo."

"Pole sana. Umekwenda hospitali?"

"Nitakwenda. Ni mgongo tu."

"Na ndevu?" Winston alidakia. "Mzee wangu, unataka kuwa nabii?"

"Wembe unanitoa vipele," Jovitus alijibu bila kutabasamu.

Tundu la kasuku lilikuwa sebuleni, dirishani, mahali pa kupata jua la asubuhi. Adventina alilikaribia akitarajia uchafu, maana ndege wa mtu asiyekuwapo mara nyingi huishi hivyo. Hakuuona. Tundu lilikuwa limefagiwa, maji ni safi, gogo la mti wa kahawa la kutafuna limeoshwa. Kasuku mwenyewe alikuwa mnene kiasi, manyoya ya kijivu yamekaa vizuri, mkia mwekundu. Lakini mdomo wake ulimfanya Adventina ainame.

Sehemu ya juu ilikuwa imekua ikapita ya chini, ikajikunja kuelekea kifuani kama mundu. Kapteni aliinua kichwa, akamtazama Adventina kwa jicho moja, kisha akatoa sauti kooni: kwaru, kwaru, kwaru.

"Anaumwa koo?" Winston aliuliza.

"Hapana," alisema Jovitus. "Anaiga tupa ya kaka."

"Mbona mdomo uko hivi?" Adventina aliuliza.

"Mdomo wake wa chini ulivunjika akiwa kinda. Kaka alimpata hivyo, akamwombea kibali, akamfuga. Kwa kuwa midomo haikutani, ule wa juu hausagiki. Unakua tu kama kucha. Lazima upunguzwe kila mara."

"Sasa anakulaje?"

Jovitus alikwenda jikoni akarudi na kinu kidogo cha mkono. Ndani mlikuwa na ndizi iliyochemshwa, mchicha na mahindi mabichi, vyote vimepondwa vikawa kama uji mzito. Alifungua tundu, akakaa kwenye kigoda, akamlisha kasuku kwa kijiko cha chai, kidogo kidogo, akimfuta pembeni mwa mdomo kwa kitambaa kila ndege alipojichafua. Ilichukua muda mrefu. Winston alibadilisha mguu wa kusimamia mara kadhaa.

"Unafanya hivi kila siku?" Adventina aliuliza.

"Asubuhi, mchana, jioni."

"Kumpunguza kwa tupa kunachukua muda gani?"

Kijiko kilisimama hewani. "Sijui. Ile ni kazi ya kaka. Mimi siiwezi."

Adventina alitoa simu akampiga kasuku picha kadhaa, pembeni na mbele. Alipokuwa akifanya hivyo aliona kucha za Jovitus zilizoshika kijiko. Zilikuwa ndefu, zimesafishwa vizuri.

Walipokuwa wakirudi walimpita Uwizeye barabarani, akitembea na bakuli tupu kichwani. Winston alisimamisha gari. Adventina alishusha kioo.

"Nimemwona Kapteni. Mdomo umemzidi."

"Umemzidi?" Uwizeye aliweka mkono kwenye bakuli lisianguke. "Jovitus hampunguzi?"

"Anasema hajui."

"Hajui!" Uwizeye alicheka sasa, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Mwaka jana Mzee alilazwa Bukoba, anatibiwa macho. Nani alimpunguza yule ndege? Mimi nilishika taulo, Jovitus akasugua. Ana mkono mwepesi kuliko Mzee mwenyewe. Ndege hata hakupiga kelele. Walifundishwa useremala na baba mmoja, wale."

Gari lilipoondoka, Winston alikuwa wa kwanza kusema. "Kwa hiyo ametudanganya."

"Ametudanganya juu ya mdomo wa kasuku," Adventina alisema. "Mtu anadanganya juu ya pesa, juu ya mwanamke, juu ya mahali alipolala. Juu ya mdomo wa kasuku kwa nini?"

"Labda hampendi yule ndege."

"Umemwona akimlisha?"

Winston alijibu walipoanza kunusa moshi wa mkaa wa mji. "Nimemwona. Mimi sijawahi kulishwa hivyo hata nilipokuwa na malaria."

Afisa mifugo wa kata, ambaye watu walimwita Daktari Kemigisha, alikuwa ofisini kwake akiosha mabuti kwa brashi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu walio ng'ambo ya zizi. Alikausha mikono, akachukua simu ya Adventina, akaikuza picha kwa vidole.

"Maskini Kapteni! Huyu nilimwona mwaka jana, mdomo wake ulikuwa kama wa ndege wa kwenye kalenda."

"Anaweza kuwa mgonjwa?" Adventina aliuliza. "Nimesikia ndege akiugua ini mdomo hukua haraka."

"Ni kweli. Watu wanawalisha karanga na mbegu za alizeti tu, mafuta yanaliharibu ini. Lakini mdomo wa mgonjwa unakuwa laini, unabanduka magamba, unauona una madoa meusi ya damu. Tazama huu. Mgumu, unang'aa, umekua kwa mstari mmoja kuanzia juu. Nitamshika nihakikishe, lakini kwa macho yangu huyu haumwi. Huyu hajapunguzwa tu."

"Tangu lini?"

"Tangu fundi wake aondoke, basi. Hapo kati hakuna aliyemgusa."

"Mtu anaweza kuogopa kumpunguza?"

"Mtu asiyejua, ndiyo, na afadhali aogope. Ndani ya mdomo kuna nyama hai na damu. Ukichukua koleo ukakata, ndege anavuja damu mpaka anakufa. Ndiyo maana Mzee alitumia tupa, pole pole, ncha tu. Ila Jovitus anajua." Kemigisha alimrudishia simu, akayaweka mabuti juani. "Samahani, leo nina hasira na kila kitu chenye kucha. Nimepanda kilima kizima kwenda kupunguza kwato za mbuzi wa watu, mbuzi wanachechemea, nafika pale wananirudisha."

"Kwa nini?"

"Wana msiba. Babu yao amefariki. Wakasema, Daktari, tusamehe, kwetu kisu hakipiti kwenye kucha wala nywele, za mtu wala za mnyama, na jembe haligusi ardhi, mpaka tuanue matanga. Wengi siku hizi wameacha, lakini ukoo ule wanaushika kweli. Nikawaambia haya, nitarudi."

Adventina alikuwa amekwisha kushika kitasa cha mlango. Alikiachia.

"Ukoo gani?"

"Wa kina Kashaija. Ndugu wa mbali wa huyo Mzee wako."

Nje, maji machafu ya mabuti yalikuwa yakitiririka kwenye mfereji.

"Winston," Adventina alisema, "Jovitus alisema nini juu ya shamba?"

"Mgongo."

"Na ndevu?"

"Vipele."

"Na kasuku?"

"Hajui kumpunguza." Winston alikunja uso. "Afande, mimi ni Mgogo. Niambie kwa maneno ya kawaida."

"Kwa maneno ya kawaida, kila kimoja kina sababu yake, na kila sababu inatosha. Lakini zote tatu ziko kwa mtu mmoja. Jembe, wembe, tupa. Yule bwana yuko msibani."

"Msiba wa nani? Hakuna aliyekufa pale."

"Ndilo nitakalomuuliza. Daktari, kesho asubuhi una nafasi? Uje na taulo."

Alhamisi asubuhi walifika watu watatu kwa Jovitus. Adventina alikuwa amepitia nyumba ya Mzee, akachukua kile kitambaa cha vifaa kilichokuwa kimetundikwa msumarini tangu Jumamosi ile. Kemigisha alimtoa kasuku tunduni, akamviringisha taulo akiacha kichwa tu, akampapasa tumbo, akamchungulia mdomo kwenye mwanga wa dirisha, akamnusa.

"Mzima," alisema. "Ini halina neno. Unamlisha vizuri, Jovitus, Mungu akubariki. Lakini mdomo ukiendelea hivi utamchoma kifuani."

"Najua, Daktari."

Adventina alikifungua kitambaa juu ya meza. Tupa ndogo ilikuwa hapo, mpini wake wa mti umelainika kwa mkono wa mtu mmoja kwa miaka mingi. Aliisogeza mbele ya Jovitus.

"Mpunguze."

"Nilikwambia afande, siiwezi."

"Mwaka jana uliiweza. Uwizeye alishika taulo."

Jovitus aliitazama tupa. "Siku hizi mkono unatetemeka."

"Jana ulimlisha kwa kijiko cha chai na hukumwaga tone kwenye sakafu."

"Macho, basi. Macho yamepungua."

"Mgongo, vipele, mkono, macho," Winston alihesabu kwa vidole. "Mzee wangu, hebu tukupeleke hospitali leo leo."

"Koplo," Adventina alisema, na Winston akanyamaza.

Kasuku ndani ya taulo aliiona tupa. Alinyoosha shingo kuielekea, akafumba macho kama mtu anayesubiri kunyolewa, akatoa ile sauti yake: kwaru, kwaru, kwaru.

"Anaomba mwenyewe," alisema Kemigisha. "Jovitus, kama hutaki, nitafanya mimi. Siwezi kumwacha hivi." Akanyoosha mkono akaichukua tupa, akaielekeza kwenye ncha ya mdomo.

Jovitus aliruka kutoka kwenye kigoda, akaushika mkono wa Kemigisha. Hakuushika kwa nguvu. Aliushika kama mtu anavyomzuia mtoto asiguse moto.

"Usimpunguze! Bado hatujazika!"

Tupa ilianguka sakafuni. Hakuna aliyeiinamia.

Adventina alivuta kiti akakaa, ili macho yake yawe sawa na ya Jovitus. "Hamjamzika nani, Jovitus?"

Jovitus alirudi akakaa. Alijifunika uso kwa mikono yenye kucha ndefu, na aliposema, alisema kutoka nyuma ya mikono hiyo.

"Kaka hakwenda kupachika mlango. Alinifuata mimi. Nilikuwa nachimba madini ya bati kule Kyerwa, kwenye shimo lililofungwa. Lilishaua mtu mwaka juzi, kijiji kikalifunga kwa miti. Mimi nikaitoa miti. Kaka akapata habari. Hakutaka kunitia aibu kwa watu, ndiyo maana akasema mlango."

"Endelea."

"Alifika, akasimama juu, akaniita. Nikamjibu kwamba mimi si mtoto. Akasema hapandi bodaboda mpaka nitoke. Nikasema basi alale hapo hapo. Nilisema hivyo, afande. Basi akashuka mwenyewe kunivuta. Mimi nikatoka kwa hasira nimpite nipande juu, yeye akabaki chini kuniokotea taa. Ukuta ukaanguka."

"Ulimchimbua?"

"Kwa mikono, mpaka kucha zikang'oka; hizi zimeota upya. Nilimfikia mkono. Ulikuwa umekwisha kupoa. Kisha udongo ukashuka tena ukamfunika."

Kemigisha alikuwa amemkumbatia kasuku kifuani, analia bila sauti. Winston alikuwa ameivua kofia yake.

"Kwa nini hukusema?" Adventina aliuliza.

"Niseme nini kwa Jenifa? Kwamba baba yake amefia kwenye shimo langu? Nikasema Uganda. Niliposema mara ya kwanza, ilibidi niseme na mara ya pili." Aliishusha mikono. "Lakini sikuweza kushika wembe. Sikuweza kushika jembe. Na huyu ndege ni wa nyumba yake. Yeye ndiye mtoto aliyebaki nyumbani kwake. Nikasema tutasubiri wote wawili, mpaka siku nitakayopata namna ya kumtoa kaka na kumzika. Namna haikupatikana."

"Na Nsanzimana?"

Jovitus aligeuza uso dirishani.

"Nakuuliza Nsanzimana, Jovitus. Umemwona mke wake akipita hapa na bakuli kila siku."

"Nilijua kwamba hana kosa. Nikafikiri mtamwachia."

"Kesho alikuwa anapelekwa mahakamani kwa kosa la kuua. Ulikuwa unasubiri nini?"

"Sijui, waitu," Jovitus alisema. "Nilikuwa nasubiri tu."

Adventina alisimama. Alimweleza kwamba yuko chini ya ulinzi, akamweleza haki zake kama inavyotakiwa, polepole, akihakikisha ameelewa. Alimuuliza kama shimo lile anaweza kulionyesha. Jovitus akasema anaweza kulionyesha hata akiwa amefumba macho. Wakati Winston akimtoa nje, alisimama mlangoni akamgeukia Kemigisha.

"Mahindi muyaponde sana, Daktari. Yanamkwama."

Walipobaki wawili, Kemigisha aliokota tupa, akaifuta kwa nguo yake. "Sasa nimpunguze?"

Adventina aliutazama mdomo ule uliojikunja. "Anaweza kusubiri siku chache bila kuumia?"

"Akiwa anapondewa chakula, siku chache anaweza. Lakini ni kazi."

"Basi asubiri. Jenifa akishamzika baba yake, utakuja."

Mkuu wa kituo alisikiliza taarifa yote akiwa amesimama, akauliza swali moja juu ya shimo, akatia saini. Jioni hiyo Nsanzimana alitoka. Alikuwa amekonda, na alipofika langoni hakujua aweke wapi mikono yake. Uwizeye alikuwa amesimama pale pale na bakuli. Alilifunua.

"Kula kwanza," alisema. "Ndipo tutembee."

Nsanzimana alikula akiwa amesimama, na hakubakiza. Kisha akamgeukia Adventina.

"Afande, na Mzee mmempata?"

"Tumejua alipo. Yuko chini ya shimo la bati, Kyerwa."

"Lile koti mnalo bado?"

"Tunalo."

"Mpeni Jenifa amvalishe. Kule chini kuna baridi."

Watu wa Kyerwa wameanza kuchimba leo, Ijumaa asubuhi, kwa majembe na miti ya kuegemeza kuta, na Jovitus anawaonyesha akiwa amefungwa pingu. Jenifa yuko juu ya shimo na kanga mbili. Kapteni yuko ofisini kwa Adventina mpaka maziko yaishe, juu ya kabati la chuma karibu na dirisha. Tupa imo kwenye droo. Asubuhi, mchana na jioni Adventina anafunga mlango, anaponda ndizi na mchicha kwa kijiko, na kumlisha.